Jumamosi Amani: vya kubeba na somo la kuotesha jani

Habari za jioni, wapendwa. Jumamosi tunaondoka Muheza saa 1 kamili asubuhi kwenda bustani ya mimea ya Amani. Mvua ikinyesha barabara ya kupanda Amani huteleza, kwa hiyo njooni na viatu vya kufunga. Ndala ziacheni, jamani. Bustani hiyo iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 imo ndani ya hifadhi: usichume hata jani moja. Majani ya seintpolia, ua la zambarau lenye asili ya Usambara, nitayaleta kutoka vyungu vya nyumbani.

Kila mtu abebe wembe mpya, kikopo chenye matundu chini, mchanga na mboji iliyochekechwa (nusu kwa nusu), na chupa ya maji ya lita 1.5 iliyokatwa kitako, ya kufunikia. Kikonyo (kijiti kinachoshika jani) tutabakiza sm 3, tukikate mshazari, tukizike sm 1.5 tu. Jani likilalia udongo wenye maji huoza kabla ya kutoa mizizi. Mizizi huja wiki ya 3 au 4. Vichipukizi, subirini miezi 2 au zaidi. Mwagilieni pembeni, kwani manyoya ya jani hushika maji yakaacha madoa. Jua kali hulibabua.