Kwa vijana wetu wa Lamu mnaorudi na majibu ya usaili

Wanangu, Assalamu alaikum.

Juzi baada ya alasiri mmoja wenu alikuja barazani kwangu Langoni akaketi kimya. Nilipomdadisi, akasema ameanguka usaili wa tatu mfululizo, na sasa aona kazi ya kuandika programu za kompyuta si yake. Maneno hayo yamenikosesha usingizi.

Kijana huyuhuyu ndiye aliyeutengeneza mfumo wa nauli za boti uliokuwa ukihesabu malipo ya abiria mara mbili. Nilikuwa naye. Siku mbili za mwanzo hakuandika hata mstari mmoja. Alisoma msimbo, yaani maandishi ya programu, wa mtu aliyekwishaondoka, akapekua kumbukumbu za seva, ile kompyuta inayoendesha mfumo, akashuka gatini kumtazama mkata tiketi. Ndipo akaona: mtandao ukikatika, ujumbe wa malipo hutumwa tena, na mfumo huupokea kama mpya. Dawa ikawa mistari michache tu, kuangalia kwanza kama namba ya muamala imeshaingia. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, wanangu.

Usaili haukumuuliza hayo. Ulimpa dakika 45, ubao, na mti wa bainari, yaani data iliyopangwa kama mti ambao kila kifundo huzaa matawi yasiyozidi mawili, augeuze, tawi la kushoto liwe la kulia, mtu kamkodolea macho. Mwaka 2015 Max Howell, muasisi wa Homebrew, programu ya kusakinishia programu nyingine wanayoitumia mafundi wengi wenye kompyuta za Mac, alieleza hadharani kuwa Google walimkataa kwa swali lilo hilo.

Sisemi maswali hayo ni upuuzi. Kampuni yenye waombaji maelfu hutaka kipimo cha haraka. Lakini fundi wa majahazi wa Matondoni hampimi mwanafunzi kwa kumwambia achore jahazi mchangani. Humpa tezo, humpa pamba ya kukalafati, kisha hungoja chombo kishuke majini.

Basi usaili ufanyeni somo la peke yake. Saa moja kwa siku yatosha, tena tatueni kwa sauti mbele ya mwenzenu, maana wengi huangushwa na kunyamaza, si kutojua. Saa zilizobaki someni msimbo wa watu, andikeni majaribio ya kuhakiki kama programu yafanya kazi sawasawa. Nimeona waliopasi usaili wakakwama mwezi wa kwanza, kwa kuwa hawajapata kufungua faili la mtu mwingine.

Nanyi mlioajiriwa Mombasa na Nairobi, siku mtakapoketi upande wa pili wa meza, mpeni mwombaji programu ndogo yenye hitilafu, kisha mwacheni aulize.

Yule aliyekuja kwangu, na arudi kesho baada ya magharibi. Ubao ninao, na chaki ipo. Tutaanza na mti huohuo.