Msitufundishe kumkimbia anayetaja kondomu

Mhariri,

Safu yenu ya mahusiano ya Jumapili iliyopita ilijibu swali la kijana aliyekuta kondomu kwenye pochi ya mchumba wake. Mwandishi wenu alimshauri afikirie mara mbili kabla ya kupeleka posa, kwa maelezo kwamba msichana aliyetulia hatembei na vitu hivyo. Niliisoma nikiwa kaunta, nikamsomea na mteja aliyekuwa anasubiri chenji. Naye akasema mwandishi kapatia kabisa. Nikaona nisipoandika nitalala na dukuduku.

Nauza duka la dawa hapa Makambako. Anayeujua mji huu anajua ni njia panda: malori ya Zambia na Kongo yanapita kwenda Tunduma, ya Songea yanakata kushoto, treni ya TAZARA inasimama, mbao na viazi vinapakiwa usiku na mchana. Watu wananiita dokta ingawa mimi si daktari, na nimeshachoka kukanusha. Nikiwa pale kaunta nimeona jinsi watu wanavyonunua kondomu, na nimesimuliwa yanayowakuta wakifika nazo wanakokwenda.

Mwanaume akija hasemi kondomu. Anasema "dokta, nipe soksi", au "nipe zana", au anaweka hela na kuonyesha kwa kidevu. Kwenye baridi ya Juni na Julai pakiti inapotelea kwenye mkono wa koti kabla sijarudisha chenji. Lakini ananunua, na hakuna anayegeuza shingo. Akisimama mwanamke kutaka hicho hicho, duka zima linanyamaza. Kuna binti wa saluni alinunua pakiti moja, na alipotoka tu, fundi mbao aliyekuwa nyuma yake akaniuliza, "Kumbe na huyu naye yumo?" Nikamuuliza yeye kafuata nini. Alikuwa kafuata kondomu.

Asubuhi mambo yanageuka. Mabinti ambao jioni wasingethubutu wanakuja saa moja kutaka P2, na wanaitaja kwa sauti kama mtu anayeomba Panadol. Mmoja tuliyezoeana nilimuuliza kwa nini asingemaliza habari jana yake kwa kinga. Akanijibu, "Dada, nikimwambia avae ataniuliza nimejifunzia wapi." P2 inamezwa mwanaume akiwa hayupo, kwa hiyo haina maswali. Lakini kidonge hicho kazi yake ni kuzuia mimba tu, tena kiwahiwe ndani ya saa 72. Virusi vya UKIMWI, kisonono na kaswende hakivigusi.

Basi hivi ndivyo ilivyo huku kwetu. Msichana akitaja kinga, ni mzoefu. Kijana akitaja, binti ananuna: "Kwani umenionaje?" Au anaulizwa papo hapo kama ana ngoma. Wakinyamaza wote wawili, hao ndio wanaoaminiana. Na yule anayekumbusha kwamba pipi hailiwi na ganda lake ndiye anaonekana mwenye mapenzi ya kweli, hata kama ana wengine wawili aliowakumbusha hivyo hivyo.

Nadhani na sisi tuliokuwa tunaelimisha tuna sehemu yetu. Wagonjwa wa kwanza nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na kampeni zilizofuata zilikuja na mpangilio wake: subiri, kuwa mwaminifu, ukishindwa tumia kondomu. Kondomu ikawa ya walioshindwa. Mabango yakabandikwa baa na gesti, halafu miaka ya karibuni tukaambiwa michepuko siyo dili, tubaki njia kuu. Siyapingi, yalisaidia watu wengi. Ila mtu akiitoa kondomu gesti na kuileta chumbani kwake, mwenzake anaona kama kaja na gesti yenyewe.

Ndiyo maana kwenye ndoa ni kugumu zaidi. Yupo mama mmoja, mume wake ni dereva anayevuka mpaka na kurudi baada ya wiki kadhaa. Alikuja na cheti cha vidonge vya UTI, nikampa, hakuondoka. Akazungukazunguka anaangalia sabuni za watoto mpaka watu wakaisha, ndipo akaninong'oneza: "Dokta, niandikie na kondomu." Nikamwambia hizo haziandikwi, mtu ananunua tu. Akasema, "Nikinunua zitakuwa zangu. Ukiandika zitakuwa za hospitali." Nikachukua ile bahasha ya vidonge, chini ya 1 x 2 nikaandika: mtumie kondomu mpaka dawa iishe. Mume akatii bila neno. Safari iliyofuata ya mume, yule mama alirudi kuniomba bahasha nyingine. Dawa yenyewe hakuihitaji.

Tangu hapo wamekuja wengine, kila mmoja na sababu yake ya kuandikiwa. Sindano ya uzazi wa mpango inamsumbua. Nesi kamwambia apumzike vidonge kwanza. Nawaandikia, na mwenye kutaka kunishtaki aje anishtaki. Kinachonishangaza ni kwamba mume yule yule ambaye angepiga ngumi mezani kama mke wake angelisema kwa mdomo, anaheshimu mwandiko wangu mbaya kwenye bahasha.

Waume nao wana kinga yao ya maneno. Ukimgusia kupima anakwambia mke alipimwa kliniki alipokuwa mjamzito, akakutwa mzima, kwa hiyo na yeye mzima. Wenza wenye majibu tofauti wapo, tena si wachache, na mhudumu yeyote wa kliniki ya wajawazito anaweza kuwaeleza. Siku hizi hata kujipima mwenyewe kunaruhusiwa, sheria ilirekebishwa mwaka 2019. Bado mtu anaona ni rahisi zaidi kutumia majibu ya mke.

Mngekuwa mnaandika mkiwa mji mwingine pengine ningefungua ukurasa wa michezo nikaachana nayo. Lakini utafiti wa kitaifa wa 2022/2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa wenye umri wa miaka 15 na kuendelea ni asilimia 4.4, wanawake 5.6, wanaume 3.0. Hapa kwetu Njombe ni asilimia 12.7, juu kuliko mkoa mwingine wowote. Kwa hali hiyo, pochi ya mchumba yenye kondomu ingetakiwa impe mama mkwe usingizi mzuri. Nyinyi mmemwambia kijana asitishe posa. Na binti naye anasoma gazeti, ameshajua cha kufanya: ataziacha nyumbani.

Naomba basi mwandishi wenu, safu ikitoka tena, anijibu jambo moja. Yule mke wa dereva alitakiwa aseme nini, kwa maneno gani, na wakati gani, ili abaki kuwa mke aliyetulia? Wateja wangu wananiuliza hilo kila mara. Sijapata jibu la kuwapa, kwa hiyo naendelea kuandika kwenye bahasha.

Muuza dawa,
Makambako, Njombe
(Jina langu mnalo, naomba lisichapishwe.)