Kabla hujausaini huo mkataba, mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Mkataba wako wa kwenda kufundisha Kiingereza Falme za Kiarabu umenifikia na nimeusoma wote, hata yale maandishi madogo ya chini. Unajua kazi ya mama yako miaka yote ilikuwa kulipa walimu mishahara, kwa hiyo karatasi ya namna hii siisomi kwa macho ya mzazi peke yake. Baba yako anasema yeye hana la kuongeza, lakini naona taarifa ya habari ameifungulia sauti ya juu kuliko kawaida. Unamjua.

Nianze na lile lililokukera kwenye simu. Shangazi yako aliposema msichana hajaolewa ataendaje peke yake nchi za watu, mimi nilinyamaza kwa sababu simu ilikuwa kwenye spika na sikutaka kujibizana na wifi yangu mbele ya watoto. Sina hofu ya wewe kutokuwa na mume. Ninachokiogopa kiko kwenye mkataba wenyewe: kazi, nyumba na viza, vyote vitatu viko mkononi mwa mtu mmoja. Ukikorofishana naye leo, kesho unaweza kujikuta huna mshahara, huna pa kulala, na kibali chako cha kukaa kimeanza kuhesabiwa siku. Walioenda na wenza wao mara nyingi wana mshahara wa pili ndani ya nyumba wa kuwashikilia. Wewe utakuwa na wako tu.

Ndiyo maana nakuambia akiba yako ya kwanza isiwe ya shahada ya pili. Iwe ya kuondokea. Nauli ya ndege ya kurudi, na pesa ya kulala na kula mahali pa heshima kwa wiki kadhaa ukitafuta njia nyingine. Iwepo kabla hujapanda ndege, kwenye akaunti ambayo mwajiri haijui. Mwalimu mwenye pesa hiyo akiambiwa mshahara utachelewa miezi miwili anaweza kuuliza kwa nini. Asiye nayo hucheka na kusema hakuna shida, halafu anaendelea kucheka hivyo mwaka mzima.

Naona ulikuwa unaziwazia pia Korea Kusini na China. Korea iache. Viza yao ya mwalimu wa Kiingereza, ile ya E-2, kimsingi hutolewa kwa raia wa nchi 7: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Kiingereza chako kiwe kizuri namna gani, wanaloangalia ni jalada la pasipoti. Wapo mawakala wanaolijua hilo vizuri na bado wanapokea pesa za watu. Na yule aliyekwambia uingie China kwa viza ya biashara halafu “itabadilishwa hukohuko”, usimjibu tena. Mwalimu wa kigeni huingia kule kwa viza ya kazi, ile ya Z, akiwa ameshaandaliwa kibali cha kazi. Anayekutwa anafundisha bila kibali hutozwa faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likionekana zito huwekwa kizuizini siku 5 hadi 15. Siku hiyo wakala atakuwa anampakia mwingine.

Lipo na jambo zito zaidi. Matangazo ya ualimu wa Kiingereza au kazi ya ofisini Thailand, nauli juu yao, uzoefu hautakiwi, mahojiano dakika chache kwenye WhatsApp: hayo usiyaguse. Agosti 2023 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa ripoti kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar na wapatao 100,000 Kambodia huenda wanashikiliwa na kulazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni. Ripoti hiyohiyo inasema wengi wao ni watu waliosoma, wanaojua lugha zaidi ya moja. Yaani watu kama wewe. Thailand ina shule halali nyingi, lakini shule halali itakuuliza shahada, itataka kukuona ukifundisha hata kwa video, na haitakuharakisha.

Sasa huo wa Falme za Kiarabu. Shule inaonekana ipo kweli, na mkataba si mbaya. Ila tazama ukurasa wa pili. Jumla ni dirhamu 7,000 kwa mwezi, lakini wameugawa: mshahara wa msingi 3,000, posho 4,000. Ukiusoma haraka unaona 7,000 na unafurahi. Kiinua mgongo huko hupigwa kwa mshahara wa msingi pekee, siku 21 kwa kila mwaka katika miaka 5 ya kwanza, na lazima uwe umetimiza mwaka mmoja. Siku yako kwa msingi wa 3,000 ni dirhamu 100, hivyo kwa mwaka ni 2,100, na kwa mkataba wako wa miaka 2 ni 4,200. Msingi ungekuwa 6,000 na posho 1,000, ungeondoka na 8,400. Jumla ni ileile, na shule isingekulipa hata senti zaidi kila mwezi. Wanajua wanachofanya, mimi mwenyewe nimekaa upande ule wa meza. Waombe wapandishe msingi. Wakikataa, si sababu ya kuacha kazi, lakini uwe umewaonyesha kwamba umeona.

Kifungu cha 14 kinasema mwalimu akiacha kazi mapema atairudishia shule gharama za viza na za kumwajiri. Hicho wakiondoe. Sheria ya kazi ya huko ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, moja kwa moja au kwa mzunguko. Sheria hiyohiyo inamkataza kushika hati zako. Kwa hiyo siku ya kwanza wakikuomba pasipoti “kwa ajili ya viza”, wape, andika tarehe uliyowapa, na viza ikitoka uifuate. Wakisema inahifadhiwa kwenye sefu kwa usalama wako, jibu kwa adabu kwamba una mahali pa kuihifadhi.

Na mkataba wenyewe uko kwa lugha mbili. Zikipishana, Kiarabu ndicho kinachosimama. Tafuta mtu asiyehusika na shule akusomee upande ule. Kurasa chache haziwezi kuwa kazi kubwa kwa anayekijua Kiarabu.

Nyumba ndiyo imenisumbua. Wamekupa uchague: ukae nyumba ya shule, mkiwa walimu wawili wa kike, au upewe posho ujipangie mwenyewe. Kwa akiba, nyumba ya shule inashinda bila ubishi. Huko kodi ya nyumba mara nyingi hulipwa kwa hundi za miezi mingi mbele, na mgeni asiye na pesa ya kuanzia huishia kupangishiwa kitanda kwenye chumba cha watu wengi. Lakini nyumba ya shule ina maana kwamba siku kazi ikiisha, nyumba nayo imeisha. Nimelipima, na bado nasema mwaka wa kwanza chukua ya shule. Ile pesa ya kuondokea ndiyo inayokupa ruhusa ya kukaa humo kwa amani. Bila hiyo, ningekuambia usiende kabisa.

Kabla ya hapo, omba namba ya mwalimu wa kike anayeishi humo sasa. Mkuu wa shule akikupa ya mtu aliyemchagua yeye, mshukuru, halafu mtafute mwingine mwenyewe. Usimuulize kama anapenda kazi, kila mtu atasema anapenda. Muulize mshahara wa mwezi uliopita uliingia tarehe ngapi. Muulize funguo za nyumba ziko ngapi na nani ana nyingine. Je, fundi au dereva wa shule huingia wakati hawapo? Pasipoti yake iko wapi sasa hivi, wakati mnaongea? Yule wa mwisho aliyeondoka katikati ya mwaka aliondokaje? Akisita kwenye swali la funguo, hilo ni jibu tosha. Na ukifika, hata kama kila kitu ni shwari, nunua kabari ya mpira ya kuweka chini ya mlango usiku. Ni kitu kidogo, kinakaa kwenye mkoba.

Mtu wa kazini anayekusaidia sana wiki ya kwanza, anayekukopesha, anayekupeleka sokoni, anayejua tayari kwamba hujaolewa: kuwa mpole kwake na ulipe deni lake mapema. Sisemi zaidi, umeshakua.

Sasa akiba yenyewe. Mshahara huko haukatwi kodi ya mapato, ingawa kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ya asilimia 5 ipo tangu Januari 2018, kwa hiyo dukani utaiona. Dirhamu imefungwa kwa dola ya Marekani, 3.6725 kwa dola 1, tangu 1997, maana yake ulichoweka Januari hakitayeyuka mbele ya dola kufikia Desemba. Hesabu ya mshahara siyo itakayokuangusha. Watakaokuangusha ni sisi.

Nakwambia kweli. Habari zikienea kwamba uko Uarabuni, utageuka benki ya ukoo. Kila mwezi kutakuwa na mgonjwa, arusi, ada ya mtoto wa mtu. Mengine yatakuwa ya kweli, na hapo ndipo ugumu ulipo. Kwa hiyo mwaka wa kwanza usitume pesa, hata kwangu. Mjomba wako akipiga simu kuhusu lile gari lake, mwambie mama amekataza. Lawama nitazibeba mimi, nimeshazizoea. Dharura ya kweli nitakupigia mwenyewe, na nisipopiga, basi si dharura.

Mwaka wa pili ukianza kutuma, tuma kwa mafungu makubwa. Kwa takwimu za Benki ya Dunia, kutuma dola 200 kutoka nchi moja kwenda nyingine hugharimu kwa wastani kama asilimia 6, wakati lengo la Umoja wa Mataifa ni kushuka chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Wanaotangaza kwamba hawatozi ada, angalia kiwango chao cha kubadilisha pesa. Mara nyingi ada imejificha humo.

Mshahara ukiingia benki tu, wataanza kukupigia wakikupa kadi ya mkopo na mkopo wa gari. Kataa. Huko anayekudai anaweza kwenda mahakamani kuomba uzuiwe kusafiri mpaka deni liishe. Unaona jinsi yanavyoshikana? Unaweza kuwa na nauli, pasipoti mkononi, na bado ukarudishwa uwanja wa ndege kwa ajili ya gari ulilonunua kwa mkopo. Kwa sababu hiyohiyo usimdhamini mtu, hata akilia.

Masomo ya ziada jioni yana pesa nzuri, wenzako watakwambia. Tangu Desemba 2023 kuna kibali maalumu cha mwalimu binafsi, cha miaka 2, na walimu walioajiriwa shuleni wanaweza kukiomba. Chukua kibali kwanza, ndipo uchukue mwanafunzi. Na usifanye hivyo muhula wa kwanza. Darasa jipya la watoto wadogo litakumaliza nguvu zote.

Kuhusu cheti: kama pesa inaruhusu, ile kozi ya ualimu wa Kiingereza ya Cambridge, CELTA, ina saa 6 za kufundisha wanafunzi halisi huku ukiangaliwa. Kozi za mtandaoni za saa 120 nyingi hazina hata saa moja ya namna hiyo. Tofauti hiyo itaonekana wiki ya kwanza darasani, na itaonekana tena utakapotaka kuhama shule na kuomba mshahara mkubwa zaidi.

Leo waandikie shule, barua fupi, mambo manne tu: msingi upandishwe, kifungu cha 14 kiondolewe, waandike wazi kwamba Julai na Agosti, shule zikiwa zimefungwa, mshahara unalipwa, na nauli ya kurudi mkataba ukiisha iandikwe kuwa ni juu yao. Usiombe radhi kwenye barua hiyo, maana nakujua. Wakati unasubiri, peleka shahada yako ikahakikiwe wizara ya mambo ya nje, kisha ubalozini kwao, kwa sababu foleni hizo hazina haraka na mtu. Wakijibu, nitumie jibu lao kabla hujasaini chochote, hata iwe usiku wa manane.

Mama yako