Mwanangu, kabla hujanunua hata nguzo moja ya fensi

Mwanangu,

Marahaba. Meseji yako nimeisoma jana usiku nikairudia tena asubuhi, ile unayosema fundi ameshakupa hesabu ya fensi na anataka advansi ili wiki ijayo aanze. Nakuomba usimpe kwanza. Sisemi fundi wako mwizi, simjui, ila hiyo hesabu yake ni ya ukuta mzima kuzunguka kiwanja chote na urefu uleule kila upande, na wewe mwenyewe umeniandikia kwamba unachotaka ni mbwa wa watu wasiingie na watoto wasitokee barabarani. Hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa na tofauti yake ndo hela zako.

Anza na bikoni, yale mawe ya mpimaji yanayoonyesha kona za kiwanja. Najua utasema kila mtu anajua mpaka wako uko wapi, hata mimi nilisema hivohivo. Fensi yangu ya kwanza niliijenga kwa kufuata mti na njia ya miguu, jirani mwenyewe akaja akasimama pale akasema sawa, alafu alivyouza kwa mtu mwingine yule mpya akaleta mpimaji na ikaonekana nguzo zangu saba ziko kwake. Nilizing'oa mwenyewe, na nguzo iliyomwagiwa zege ukiing'oa haitoki nzima, kwaiyo nililipia upande ule mara mbili. Tafuta bikoni zote nne, fyeka majani mpaka uzione kwa macho, ikikosekana hata moja mlipe mpimaji, hiyo hela usiionee uchungu. Alafu ulizia ofisi inayohusika na ujenzi huko ulipo urefu gani unaruhusiwa, maana sehemu nyingi upande wa mbele wanataka uwe mfupi kuliko wa nyuma hasa kama uko kwenye kona ya barabara, na ukuta wa kubomolewa unakula hela kuliko ukuta wowote.

Sasa chukua karatasi. Kiwanja chako ni mita 20 kwa 30, ukizunguka chote ni mita 100. Umesema upande mmoja wa mita 30 jirani ana ukuta wake tayari, basi nenda kaongee nae vizuri, mkubaliane kwa maandishi kwamba huo utabaki ndo mpaka na nani ataurekebisha ukipata shida, hapo umebaki na mita 70 bila kununua chochote. Na yule wa nyuma ambae hana kitu, muulize kama mnaweza kuchangia. Wengi wanakubali ukiwafata kabla, ukienda umeshamaliza unadai nusu hakuna atakaekuelewa.

Urefu wa kwenda juu nao watu hawaufikirii. Chukua tofali la block, urefu sentimita 40 na kimo sentimita 20 ukihesabu pamoja na mota yake, ile saruji na mchanga wa kuunganishia. Kila kozi moja, yaani mstari mmoja wa tofali, unayoongeza kwenye mita 70 ni tofali 175. Kutoka mita 1.8 kwenda 2.4 ni kozi tatu, hizo ni tofali 525, na bado hujaweka saruji ya kujengea, plasta, rangi na siku za fundi, tena ukuta ukipanda unataka msingi mpana zaidi na nguzo za zege za kuushika. Mbele panapoonekana weka unachotaka, lakini pembeni na nyuma wavu wenye nguzo imara unazuia mbwa na unazuia mtoto vilevile. Na upepo wavu haupigani nao, ukuta au mbao zilizobanana zinasimama kama tanga.

Nafasi kati ya nguzo na nguzo ndo sehemu mafundi wanapokuzidishia bila hata kukusudia. Kwa wavu wa kawaida mita 2.5 mpaka 3 inatosha kama kona zako zimeshikwa vizuri. Kwenye mita 70 ukiweka kila mita 2 ni nafasi 35, ukiweka kila mita 2.5 ni 28. Nguzo saba zimepungua, mashimo saba, zege la mashimo saba, na fensi iko palepale. Kama ni ya mbao basi kwanza uliza mbao zinauzwa urefu gani halafu ndo upange nguzo zako zifate huo urefu, maana ukipanga mita 2.2 na mbao ni ya mita 3 kila ubao utakatwa na vipande vya sentimita 80 vitajaa uwani havina kazi.

Shimo nalo nikueleze maana hapa hela inazama ardhini huioni. Shimo la upana wa sentimita 30 na kina cha 60 linabeba kama lita 42 za zege. Kibarua akilichimba kizembe likawa upana wa 45, kina kilekile, linakunywa lita 95, zaidi ya mara mbili, na kwa macho utaona tu ni shimo limetanuka kidogo. Zidisha kwa nguzo zako zote uone. Kata kijiti cha sentimita 30 mkabidhi mchimbaji, kikiingia shimoni kwa upana kikagusa pande zote mbili basi shimo liko sawa. Ila kwenye kina usibane hata kidogo, karibu theluthi ya nguzo inatakiwa iwe chini, ukiitaka mita 1.5 juu basi nunua nguzo ya mita 2.2 hivi. Udongo ukiwa laini au wa kichanga nenda chini zaidi.

Mahali pa kumwaga hela ni kona na geti. Narudia mwanangu, kona na geti. Wavu ukivutwa uzito wote unaenda kwenye kona, ndo maana zinahitaji nguzo nene zaidi na zile za mshazari za kuegemezea, za katikati zinabeba kidogo tu. Na geti linaning'inia upande mmoja mchana na usiku. Mimi nguzo ya geti niliweka sawa na zile zingine nikasema nimeokoa, mwaka haukuisha geti likaanza kukwaruza chini, nikawa nalinyanyua kwa mguu kila nikifungua, siku moja nikainama nikachokoa mti pale unapokutana na zege kwa funguo ya mlango na funguo ikaingia yote, mti umelowa ndani kama sifongo. Juu palikuwa pazima kabisa na rangi inang'aa. Kilichotokea ni kwamba zege lilimaliziwa kama bakuli kuzunguka nguzo, mvua ikinyesha maji yanakaa palepale. Kwaiyo simama nae fundi wakati anamalizia, juu ya zege liwe na mwinuko kama kichuguu maji yateremke yaende nje, na kama ni mti weka kokoto chini ya shimo ili maji yapate pa kushukia. Ukinunua nguzo zilizotiwa dawa ule upande uliokatwa kwa msumeno uende juu, usiuzike, na upake dawa tena pale kwenye jeraha.

Misumari na waya chukua zilizopakwa zinki. Zile za kawaida bei yake nzuri lakini zinashika kutu, mbao zinalia machozi ya kahawia alafu zinaachia moja moja.

Kama hela haitoshi yote kwa sasa usijenge kitu kibovu kote. Weka nguzo zote kwa mstari mmoja, mwaga zege, vuta wavu upande wa barabarani na geti, kwingine kaza nyaya mbili tatu na uoteshe michongoma sasa hivi mvua ikianza, ile inachukua miaka kushikana lakini ikishikana na ukiipunguza mapema ili ijaze chini, kuku hapiti. Wavu wa pembeni utanunua pole pole, nguzo zipo zinakusubiri. Hata nguzo za chuma zilizotumika si mbaya, gonga kila moja usikie mlio, angalia ndani kwenye tundu, na chini ilipokuwa imezikwa ndo uangalie sana, ikiwa imelika kata kile kipande kama urefu unabaki.

Kwa fundi, vifaa nunua mwenyewe, yeye mlipe kwa mita sio kwa siku, andikeni mafungu: mashimo na nguzo, wavu, geti. Fungu la mwisho libaki mkononi mwako mpaka ufungue geti na kulifunga wewe mwenyewe kwa kidole kimoja. Kufyeka, kubeba, kupaka rangi hizo mfanye wewe na mwenzio jumamosi, hazihitaji ujuzi. Kuvuta uzi wa mstari waachie wao ila hakikisha kona, pima mita 3 upande huu, mita 4 upande ule, kati ya alama hizo mbili ikija mita 5 kamili kona yako iko mraba, haijafika au imezidi mwambie arudie kabla hajachimba. Na kabla ya jembe kugusa ardhi uliza bomba la maji limepita wapi, usilijue kwa kulipasua.

Sasa fanya hivi, kesho jioni ukitoka kazini pima kila upande na tepu, chora hata kwa kalamu ya mtoto, andika mita, weka alama bikoni zilipo, mteremko unaelekea wapi na geti unalitaka wapi (liweke pale juu pasipotuama maji), piga picha unitumie pamoja na ile karatasi ya fundi. Nitakaa nayo usiku tuihesabu pamoja kwa simu. Huyo fundi mwambie mzazi wako amesema subiri siku tatu.

Wasalimie watoto, na yule mdogo muendelee kumshika mkono hapo nje mpaka wavu wa mbele usimame.

Mama yako