Mhandisi wa roketi aanzie karakana

Mhariri,

Naandika kuhusu makala yenu iliyowahimiza vijana kusomea uhandisi wa injini za roketi. Mlisisitiza hisabati na fizikia, mkaisahau karakana. Ndani ya injini hizo joto hupita nyuzi 3,000 za Selisiasi. Anayezibuni sharti awe ameshika chuma, amelehemu na kupima mgandamizo wa gesi kwa mikono yake.

Hapa kwetu karibu na Malindi, roketi za Scout zilirushwa kuanzia 1967 hadi 1988, ikiwemo iliyobeba setilaiti ya Uhuru mwaka 1970. Inaniuma kwamba setilaiti yetu ya Taifa-1 ilirushwa kutoka California mwaka 2023. Shirika la Anga za Juu la Kenya lishirikiane na vyuo vya ufundi kujenga jukwaa dogo la kujaribia injini.

Msomaji wenu,
Kilifi