Barua kutoka Paris: François Villon na hukumu ya Mungu

Baba mpendwa, Mama mpendwa,

Shikamooni. Mimi ni mzima, masomo yanaendelea vizuri, na naomba Mungu barua hii iwakute mkiwa na afya, pamoja na Bibi na wadogo zangu wote. Baba, katika barua yako uliniuliza ni nini hasa ninachokisoma katika mashairi ya kale ya Kifaransa, na kwa nini mtoto wa katekista asafiri mbali hivi kwenda kusoma habari za kiyama ambazo angefundishwa nyumbani. Swali lako ni la haki, nami nitalijibu kwa kirefu, kwa sababu mshairi ninayemsoma wakati huu amenifanya niitafakari hukumu ya Mungu kuliko nilivyowahi kuitafakari tangu nipate kipaimara.

Anaitwa François Villon. Alizaliwa hapa Paris mwaka 1431, mwaka uleule ambao Jeanne d'Arc alichomwa moto mjini Rouen. Alitoka katika ukoo wa kimaskini, akalelewa na padri Guillaume de Villon wa kanisa la Saint-Benoît, ambaye mshairi anasema alikuwa kwake zaidi ya baba, na ndiye aliyempa jina lake. Mwaka 1452 alihitimu uzamili katika Chuo Kikuu cha Paris. Miaka mitatu baadaye, tarehe 5 Juni 1455, jioni ya Sikukuu ya Ekaristi, aligombana na padri mmojawapo, Philippe Sermoise, akamjeruhi kwa kisu, na padri huyo akafa. Mfalme alimsamehe mwezi Januari 1456 kwa barua rasmi, na ndani ya barua hiyo imeandikwa kwamba Sermoise mwenyewe, kabla ya kukata roho, alikuwa amekwisha kumsamehe. Tafadhali likumbukeni jambo hilo mnapoendelea kusoma. Msamaha huo haukumtuliza, kwani karibu na Krismasi ya mwaka huohuo yeye na wenzake waliiba sarafu 500 za dhahabu katika chuo cha Collège de Navarre, na maisha yake yaliyofuata yakawa ya kukimbia, kufungwa na kufunguliwa.

Ili muelewe uzito wa maneno yake, ni lazima niwaeleze jinsi watu wa zama zake walivyoijua hukumu. Kwa kuwa wengi wao hawakujua kusoma, waliijua kwa macho. Juu ya mlango mkuu wa kanisa la Notre-Dame imechongwa katika mawe siku ya mwisho: Kristo ameketi akionyesha majeraha yake, Bikira Maria na Mtakatifu Yohane wamepiga magoti pembeni wakiwaombea watu, na chini yao Malaika Mikaeli anazipima roho kwa mizani, huku waliolaaniwa wakiburutwa kwa mnyororo. Katika makaburi ya Saints-Innocents kulichorwa ukutani, mwaka 1424 na 1425, ngoma ya mauti, ambamo wafu wanawashika mkono papa, mfalme, mkulima na mtoto mchanga na kuwaongoza wote njia moja. Mafuvu yaliyofukuliwa yalirundikwa palepale ili kupisha maiti wapya, na Villon anasema kwamba alipoyatazama hakuweza kupambanua lipi lilikuwa la afisa mkubwa wa mfalme na lipi la mchukuzi wa vikapu.

Washairi nao walikuwa wamekwisha kuijenga mahakama ya mbinguni kwa maneno. Karibu miaka mia moja kabla ya Villon, mtawa wa abasia ya Chaalis, Guillaume de Digulleville, alitunga utenzi mrefu kuhusu safari ya roho baada ya kifo. Roho hiyo inafikishwa mbele ya Mikaeli, Shetani anaishtaki kama mwendesha mashtaka hodari, Haki inadai adhabu, na dhamiri yake yenyewe inatoa ushahidi dhidi yake. Roho inakaribia kupotea kabisa. Hapo ndipo Rehema anapoleta barua ya msamaha kutoka kwa Yesu Kristo, barua hiyo inawekwa kwenye mizani, na roho inapelekwa toharani badala ya jehanamu. Mnaona, basi, kwamba Wafaransa wa wakati ule waliifikiria neema ya Mungu kwa mfano wa barua ya mfalme wao, na Villon alikuwa ameipokea barua ya namna hiyo kwa mikono yake.

Katika kiangazi cha mwaka 1461 alifungwa katika gereza la askofu wa Orléans, Thibault d'Aussigny, huko Meung-sur-Loire, akilishwa mkate kidogo na maji baridi, hadi mfalme mpya, Louis wa Kumi na Moja, alipopita mjini humo mwezi Oktoba na kumfungua. Baada ya hapo akaandika wosia wake wa kishairi, wenye mishororo ipatayo 2,000, na mara tu anapoanza anamkumbuka askofu huyo kwa uchungu mkubwa: Mungu na awe kwake kama yeye alivyokuwa kwangu. Hilo ni ombi la kutisha, kwa maana anaigeuza hukumu ya Mungu kuwa kipimo kilekile ambacho askofu aliwapimia wengine. Lakini beti chache tu baadaye anajizuia, anakumbuka kwamba Kanisa linatuagiza kuwaombea adui zetu, na anasema kwamba lolote alilotendewa analiacha mikononi mwa Mungu. Wako wasomaji wanaoona kwamba hapo anadhihaki. Mimi siamini hivyo. Mtu aliyejua hakika kwamba naye ana damu ya mtu mikononi mwake hawezi kuomba haki kamili bila kujiogopea mwenyewe, na katika wosia huohuo anakiri kwamba yeye ni mwenye dhambi, kisha anashikilia neno la nabii Ezekieli kwamba Mungu hataki kifo cha mkosaji, bali ageuke na kuishi.

Mama, sehemu inayofuata naomba Baba akusomee polepole. Kwa kuwa hakuwa na mali ya kumrithisha mama yake, Villon alimwachia sala, na sala hiyo ameitunga kwa sauti ya mama mwenyewe akimwomba Bikira Maria. Anasema: mimi ni mwanamke maskini na mzee, sijui lolote, sikupata kamwe kusoma hata herufi moja, katika kanisa la parokia yangu naona peponi pamechorwa, penye vinubi na zeze, na jehanamu ambamo waliolaaniwa wanachemshwa, hii inanitia hofu, ile inanipa furaha. Anaomba asamehewe kama alivyosamehewa Maria wa Misri, yule mwanamke mkosaji aliyetubu, na kama alivyosamehewa Theofilo, yule karani aliyefanya mapatano na Shetani. Kila ubeti unamalizika kwa kibwagizo kilekile: katika imani hii nataka kuishi na kufa. Na katika ubeti mfupi wa mwisho, herufi za mwanzo za mishororo, zikisomwa kutoka juu kwenda chini, zinataja jina VILLON, hata mwana mkosaji akawamo ndani ya sala ya mama yake bila mama kujua. Sijasoma shairi jingine la zama hizo ambalo hofu ya jehanamu na upendo wa mtu kwa mtu vimekaa karibu hivyo.

Shairi linalojulikana zaidi ni lile la walionyongwa, ambalo kwa kawaida husemwa kwamba alilitunga mwishoni mwa mwaka 1462, alipokuwa amehukumiwa kunyongwa baada ya ugomvi mwingine wa mtaani. Wanaozungumza ni maiti watano au sita waliotundikwa. Mvua imewaosha, jua limewakausha na kuwafanya weusi, kunguru wamewang'oa macho na nyusi, na upepo unawapeleka huku na huku upendavyo. Hawadai kwamba walionewa. Wanakiri kwamba waliuawa kwa hukumu ya sheria. Wanachokiomba kwa wapita njia ni kwamba wasiifanye mioyo yao kuwa migumu, kwa sababu wakiwahurumia hao maskini, Mungu naye atawahurumia wao upesi zaidi. Kisha kibwagizo kinarudi: mwombeni Mungu atusamehe sote. Angalieni neno hilo la sote, Baba, kwa maana aliyehukumiwa na anayemtazama wamewekwa mbele ya hakimu mmoja, na huruma ya aliye hai kwa maiti wa mhalifu inahesabiwa katika kesi yake mwenyewe. Digulleville aliishusha barua ya rehema kutoka mbinguni, lakini Villon anamwambia kila anayepita chini ya mti wa kunyongea kwamba naye anaweza kuchangia kuiandika.

Yeye mwenyewe hakunyongwa. Tarehe 5 Januari 1463 mahakama kuu ya Paris iliitangua hukumu hiyo na kumfukuza mjini kwa miaka 10, na tangu siku hiyo hakuna kumbukumbu yake tena.

Sasa nina jambo la kukuuliza, Baba, kwa kuwa wewe umewafundisha watu sala za marehemu kwa miaka mingi. Mwalimu wangu anaona kwamba maiti wale wanafanya biashara, wakitoa ahadi ya huruma ya Mungu ili wapate huruma ya watu. Mimi nilimjibu kwa Heri ya Mlimani, heri wenye rehema maana watapata rehema, naye akaniambia kwamba jibu langu ni la imani, si la fasihi. Je, unaona kuna tofauti kati ya kuwahurumia waliohukumiwa kwa sababu tunamwogopa Mungu, na kuwahurumia kwa sababu tumejiona ndani yao? Niandikie unavyofikiri, hata kama hukubaliani nami, maana katika insha yangu nataka kulijadili jambo hilo bila kulikwepa.

Msalimieni Bibi na majirani wote.

Mwanenu anayewapenda.