Kanda za harusi zilizo kwenye kabati la Mama

Berlin

Dada, shikamoo.

Huku tu wazima, alhamdulillah, na salamu za Mama zimenifikia. Nina ombi, ila kwanza nikueleze limetoka wapi.

Siku hizi nikitoka kazini naangalia filamu za zamani zilizopigwa hapa hapa Berlin. Hadithi siifuatilii sana. Macho yangu yako nyuma ya waigizaji: duka gani lile, njia ipi, mnara upi. Iko moja ya Wim Wenders ya mwaka 1987, Der Himmel über Berlin. Mzee anautafuta uwanja wa Potsdamer Platz na hauoni. Anazunguka kwenye magugu, ukuta uliougawa mji uko pale pale, hadi anachoka na kuketi kwenye kochi bovu lililotupwa. Dada, hapo ndipo ninapobadilisha treni nikienda kazini! Leo ni maghorofa ya vioo tu. Ukuta ulifunguliwa 1989, wakajenga, na asiyeiona ile filamu hawezi kuamini kuwa palikuwa pori.

Nyingine ni ya Walter Ruttmann, 1927, haina sauti. Inaanza na treni ikiingia mjini alfajiri mpaka stesheni ya Anhalter Bahnhof. Niliifuata stesheni hiyo. Mabomu ya vita yaliiharibu, baadaye ikavunjwa. Kimebaki kipande cha mlango wa mbele, na nyuma yake watu wanacheza mpira.

Kupatambua mahali kuna ufundi wake. Maduka hayakusaidii, hubadilika kila mara. Tazama juu: mapaa, minara ya makanisa, daraja la treni, na kona ya barabara inavyokata.

Basi nikaiwaza Tanga. Ngamiani yetu nani aliyeipiga filamu? Ni sisi wenyewe! Zile kanda za video za harusi, ya shangazi na nyinginezo. Mpiga picha alimfuata bibi harusi, lakini nyuma yake umo mtaa mzima: nyumba za udongo na mabaraza yake, baiskeli zimeegeshwa, stesheni ya reli, msafara ukielekea Raskazone. Watu huziruka sehemu hizo wawahi keki. Mimi ndizo ninazozitaka.

Joto na unyevu wa pwani huotesha ukungu kwenye utepe. Ukiona madoa meupe, usiitie kanda kwenye deki, vitaharibika vyote viwili. Mpe fundi aisafishe kwanza, ndipo azihamishie zote kwenye flashi, na asikate chochote, hata pale kamera ilipoachwa inarekodi barazani bila mtu. Gharama juu yangu.

Zikiwa tayari, kaa na Mama mzitazame polepole. Kila nyumba ikipita, simamisha, muulize ilikuwa ya nani na sasa pamejengwa nini, uandike kwenye daftari. Anza na harusi ya shangazi. Hiyo ndiyo kanda kongwe kuliko zote.

Mdogo wako